Vidole Vitano Vyote

Hapana, hakuwa mhadhiri. Najua wengi wenu mmebishana wiki nzima kwamba ni mhadhiri. Mkono uliomshika Mhandisi bega pale mlangoni pa darasa, kadi yake ilipogoma na taa nyekundu ikawaka mbele ya wenzake wote, ulikuwa mkono wa mwanamke.

Mwanamke mfupi, koti la kijivu, fungu la funguo kiunoni. Wanafunzi walimwita Mama Funguo. Kazi yake katika chuo kile ilikuwa moja tu: kujua nani yupo na nani hayupo.

"Kadi hii ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Una hakika?"

Swali gani hilo? Mtu na kadi yake, yenye picha yake!

"Nina hakika."

"Nifuate."

Kwa aliyeingia leo, nieleze haraka. Mhandisi bado si mhandisi. Ni jina alilobandikwa nyumbani siku barua ya chuo ilipofika, na hadi hapo alikuwa hajajenga hata banda la kuku. Ana miaka ishirini na mmoja. Baba hana. Yeye na mama yake wametunzwa na mjomba, kaka wa mama, na mama yake anaishi katika nyumba ya mjomba huyo mpaka leo. Huku ughaibuni anakaa chumba kimoja na mtoto wa mjomba, aliyemtangulia miaka mitatu. Anamwita kaka. Tumwite Binamu.

Tuendelee.

Ofisi ilikuwa na meza, viti vitatu na karani wa bima ya afya, mwanamume mwembamba mwenye miwani. Dirisha halikuwepo.

"Kaa," Mama Funguo alisema. "Weka mikono mezani."

"Mikono?"

"Yote miwili."

Akaiweka. Mama Funguo akauchukua wa kulia, akaugeuza juu, akaugeuza chini, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akavuta kidole kimoja kimoja.

"Vitano," akasema.

"Vitano vyote," karani akaitikia, akaandika.

Mhandisi akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye.

"Pole kwa ajali," Mama Funguo akamwambia.

"Ajali ipi?"

Akavuta karatasi yenye muhuri wa hospitali, akasoma. "Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mwanafunzi wetu alipokelewa hospitali kuu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa na mashine. Amefanyiwa upasuaji, amelazwa, bima ya chuo imetumika." Akainua macho. "Jina lako. Namba yako. Tarehe yako ya kuzaliwa. Mpaka jina la mama yako limeandikwa."

Mhandisi akautazama mkono wake kana kwamba nao unaweza kumgeuka.

"Na Jumanne hiyo hiyo, saa nne kamili, kadi yako imefungua mlango wa darasa la hesabu. Kwa hiyo kijana, ama wewe ni mjusi, kiungo kikikatika kinaota upya, ama kuna watu wawili wanaotembea na jina moja. Kadi yako nimeifunga mimi asubuhi ya leo. Sasa niambie. Nani amelala hospitali kwa jina lako?"

Mhandisi akaiondoa mikono mezani.

Alijua. Alijua kabla swali halijaisha.

Jumanne alfajiri Binamu alitoka na begi dogo. "Nakwenda mji wa pili kwa rafiki, nitarudi mwisho wa wiki," alisema akifunga viatu. Mhandisi akajibu, "Safari njema, kaka." Hakuuliza rafiki gani. Hakuuliza mji gani. Mwisho wa wiki ulipita, kitanda cha Binamu kimetandikwa vile vile, na bado hakuuliza.

Kwao mdogo hamuulizi mkubwa anakokwenda. Ndivyo alivyolelewa. Siku ya kwanza alipotua, bado ana vumbi la safari, Binamu alimnyooshea mkono: "Lete karatasi zako zote nikuwekee. Wewe utazipoteza." Pasi ya kusafiria, kibali cha kuishi, cheti cha bima, vyote vikaingia kwenye sanduku la Binamu. Mhandisi hata akashukuru. Nyumbani karatasi za kila mtu hukaa kwa mkubwa, na kuzidai ni kumwambia mkubwa kuwa humwamini. Alibaki na kadi ya chuo tu, kwa sababu ya milango.

Na cheti cha bima cha nchi ile hakina picha. Kina jina na namba.

"Sijui, mama," Mhandisi akasema.

"Hujui?"

"Sijui."

Uongo wake ulikuwa mbaya. Hata karani alimwonea aibu, akafuta miwani.

Mama Funguo hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. "Sikiliza. Hapa kuna kosa linaitwa kuazimisha jina. Adhabu yake ni moja: unafutwa chuo, kibali kinakufa, una siku saba za kupanda ndege. Ukinitajia aliyelitumia bila idhini yako, wewe ni mtu aliyeibiwa, unarudi darasani kesho. Yeye watamshughulikia watu wa uhamiaji. Sasa ni saa tano na robo. Saa sita nafunga faili. Toka hapo nje ufikiri. Simu inashika huko."

Akamfungulia mlango kwa kadi yake. Mlango ukajifunga nyuma ya Mhandisi, *tk*.

Palikuwa ngazini. Pembe moja ya saruji, taa nyeupe, kiti kimoja cha plastiki. Nyuma yake mlango wa chuma wa ofisi. Mbele yake mlango wa kioo kizito unaotokea ukumbi wa mapokezi, ambako watu walipita na vikombe vyao vya kahawa.

Akauvuta wa kioo. Ukakataa. Pembeni yake kulikuwa na kisanduku cha kugusia kadi. Akapapasa mfuko, akakumbuka kadi yake iko mezani kwa Mama Funguo.

Akarudi kwenye wa ofisi. Kisanduku kile kile. Akapanda ngazi mbio, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Milango mitatu, visanduku vitatu. Juu ya kila mlango kulikuwa na picha ya mtu wa kijani anayekimbia kwenda nje. Pengine ndiye pekee aliyewahi kutoka humo.

Akashuka tena akihema. Mwaka mmoja na nusu alikuwa akiipenda kadi ile. Ilimfungulia maktaba, maabara, jikoni, mpaka mashine ya kufulia nguo. Leo ndipo alipogundua kwamba haikuwa inamfungulia kitu. Ilikuwa inamruhusu. Ruhusa ikiondoka, unabaki na kuta.

Akapiga simu. Ililia mara sita.

"Dogo." Sauti ya Binamu, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa.

"Kaka, uko wapi?"

"Wewe uko wapi?"

"Nimefungiwa ngazini hapa chuoni. Kaka, wana barua ya hospitali..."

"Najua. Geuka."

Akageuka.

Binamu alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo.

Msomaji, wale wawili walikuwa karibu kuliko wewe na gazeti hili. Pua na pua, kioo katikati. Lakini kioo kilikuwa kinene, sauti haipiti, ikabidi waendelee kuongea kwa simu huku wakitazamana machoni. Binamu alikuwa amevaa koti lake refu jeusi. Uso umepauka, jasho linamtiririka, na ukumbi ule ulikuwa na baridi. Mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka umekuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto.

"Fungua," Mhandisi akasema.

"Kwa kitu gani? Kwa meno? Mimi sina kadi."

"Kadi yako ya chuo iko wapi?"

Binamu akatazama pembeni.

"Kaka," Mhandisi akasema, "Jumanne ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza mkubwa wake tangu ajue kusema. Lilimtoka dogo, la mtoto. Lakini lilitoka.

"Kazini."

"Kazi gani? Ulisema unakwenda kwa rafiki. Na madarasa yako?"

"Sina madarasa, dogo. Nilifeli mara mbili wakaniondoa. Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na ile picha uliyotuma nyumbani umevaa joho? Mjomba ameitundika sebuleni!"

"Joho la kukodi. Saa mbili, unarudisha."

"Na begi la vitabu unalobeba kila asubuhi?"

"Mna ovaroli la kazi. Ninafanya kazi kwa dobi wa mahoteli, na wiki ile zamu zilikuwa usiku na mchana, tunalala huko huko. Kuna rola mbili za moto, wewe unalisha shuka katikati, linatoka limenyooka. Jumanne shuka lilijikunja. Nikalinyoosha." Akautazama mkono. "Basi."

Mhandisi akaweka kiganja kwenye kioo. Hakujua kwa nini.

"Huku sina haki ya kuwa," Binamu akaendelea, harakaharaka sasa. "Kibali changu kimekufa, bima yangu imekufa. Mwenye kazi alinishusha mlangoni pa hospitali akaondoa gari. Wananiuliza jina. Damu inamwagika kwenye viatu. Nikitaja langu wanaita watu wa uhamiaji kabla hawajaita daktari. Cheti chako kilikuwa kwenye pochi yangu, nilikuwa nimekitoa sandukuni wiki ile nikatibiwe jino."

"Jino nalo kwa jina langu?"

"Acha mambo ya jino!"

"Ungeniambia, kaka."

"Nikuambie wewe? Mimi niliyekupokea uwanja wa ndege? Mimi niliyekufundisha hata kuvuka barabara?" Sauti ikapasuka. "Nikuambie nini, kwamba mkubwa wako ananyoosha mashuka?"

Watu wawili waliokuwa wakipita mapokezi wakageuka kumtazama. Binamu akateremsha sauti.

"Leo alfajiri muuguzi alianza maswali. Nikavaa koti nikatoka, nikapita chumbani nikakukosa, nikaja kukuwahi. Sikiliza sasa. Alhamisi nina upasuaji wa pili, la sivyo mkono huu unakufa. Waambie vidole ni vyako."

"Wamevihesabu, kaka! Wameandika!"

 Hilo Binamu hakulipangia.

"Basi waambie ulinipa jina mwenyewe. Kwa huruma. Ukisema nimeiba, naondoka leo na pingu. Ukisema umenipa, wataanza kuulizana, vikao, barua, mpaka Alhamisi inapita."

"Na mimi nafutwa chuo."

"Wewe bado mdogo. Utaanza tena."

"Wapi? Nikishafutwa kwa kosa hilo, nani atanipa kibali tena? Miaka mitatu nimesomea taa ya chemli kuipata nafasi hii, kaka, unajua!"

"Mimi narudi na mkono huu. Baba nitamwambia nini?"

"Na mimi mama nitamwambia nini?"

Wakatazamana. Wanasema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake. Katika ukoo ule mambo yalikuwa kinyume. Jalala alikuwa mdogo.

Simu ya Mhandisi ikatetemeka sikioni. Kuna mwingine anapiga. Akaitazama: Mjomba.

Akamtazama Binamu. Binamu akainamisha macho chini.

Alikuwa ameshapiga nyumbani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Mjomba hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mtu wa kushusha. "Kaka yako amenieleza. Amesema umeingia matatani na vitambulisho, naye anahangaika kukutoa huku ana jeraha. Ni kweli?"

"Mjomba, si hivyo. Jina ni..."

"Nimekuuliza au nimekuambia ueleze?"

Mjomba hakungoja jibu.

"Kaka yako ndiye aliyekushika mkono ukafika huko. Akikwambia sema hivi, sema hivyo. Familia moja haina wezi, haina walioibiwa. Umenisikia?"

"Mjomba, watanifukuza chuo."

"Chuo kipo tu. Ngoja, mama yako huyu hapa, anapika jikoni kwangu. Mwambie mwenyewe utakavyofanya."

Simu ikapita mkono hadi mkono. Mhandisi akasikia mwiko ukiwekwa kando.

"Mwanangu."

"Mama."

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Kula."

Akangoja aseme lingine. Akamsikia anavuta pumzi. Kisha, chini kabisa, kama mtu anayesema na sufuria: "Mimi nipo tu hapa, mwanangu. Sina pengine."

Simu ikachukuliwa.

"Umemsikia?" Mjomba akasema. "Basi." Akakata.

Mhandisi akakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mlango wa chuma nyuma. Mlango wa kioo mbele. Na sasa wa tatu, ule wa nyumba ya mjomba, ambao mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Yote mitatu inafunguliwa na watu wengine.

Aliyetunga heshima alifanya kazi nzuri. Lakini nadhani alikuwa mkubwa wa nyumba.

Binamu akagonga kioo kwa mkono mzima, akaonyesha saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi. Akachezesha midomo bila sauti: *Tafadhali.* Macho yake yalikuwa mekundu na yanang'aa vibaya, na safari hii alipogonga aliegemea kioo ili asianguke.

*Tk.*

Mlango wa ofisi ulifunguka. Mhandisi akaruka, akasimama kuziba kioo kwa mgongo. Nyuma yake akahisi kitu kikiteleza taratibu kuelekea chini. Binamu alikuwa amejikunyata sakafuni asionekane.

"Mbona umejibana hapo?" Mama Funguo akauliza.

"Baridi."

"Ingia. Hospitali wako kwenye simu."

Ndani, karani alikuwa ameiweka simu mezani, sauti wazi. Mwanamke alikuwa akisema kwa haraka, nyuma yake mashine zinalia.

"...narudia, mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Mgonjwa wenu ametoroka kitandani alfajiri. Majibu ya damu yametoka nusu saa iliyopita. Jeraha limeoza, na sumu imeshaingia kwenye damu. Ana homa? Anatoka jasho? Anaonekana kama mlevi?"

Karani akamtazama Mhandisi.

"Yupo hapo kwenu?" muuguzi akauliza. Akalitaja jina. Jina la Mhandisi, lote, na la baba yake marehemu nyuma yake. "Asiporudishwa mchana huu akatundikiwa dawa, mkono utakwenda. Akichelewa zaidi, atakwenda mwenyewe. Kesho asubuhi hamtamkuta."

Hebu fikiri. Umekaa kwenye kiti, mzima, vidole vyote vitano, na unasikia jina lako likipewa uhai wa mpaka kesho asubuhi tu.

Mama Funguo alisogeza karatasi mbele yake, na kalamu juu ya karatasi. "Saa sita. Andika jina lake, au usiandike."

Mhandisi akaishika kalamu.

Kama angenyamaza, Alhamisi isingefika. Hilo ndilo Binamu hakulijua kule sakafuni. Alikuwa anaomba siku mbili, naye hana hata jioni moja. Kama angetaja, Binamu angepona, akafungwa, akarudishwa. Na sauti ile iliyozoea kushuka ingeshuka zaidi, na mama angekusanya vyombo vyake.

Akaitupa kalamu.

"Hakuna haja ya kuandika," akasema. "Yuko nyuma ya mlango wa kioo. Ni mtoto wa mjomba wangu. Fungua, mama, fungua haraka, anakufa!"

Mama Funguo alikuwa mfupi lakini alikimbia. Funguo zililia ngazi nzima. Alipogusa kadi, mlango wa kioo ukafunguka na Binamu akaanguka ndani kwa mgongo, kwa sababu alikuwa ameuegemea. Mhandisi akamdaka. Mwili ulikuwa wa moto kama pasi.

"Ita gari la wagonjwa!" Mama Funguo akampigia karani kelele.

"Kaka," Mhandisi akasema kwa lugha ya nyumbani, ameshika kichwa chake. "Hospitali wamepiga. Damu yako imeingia sumu. Usingefika Alhamisi."

Binamu akafumbua macho. Ilimchukua muda kumwona.

"Umenitaja?"

"Nimekutaja. Ungekufa, kaka."

"Umenitaja," Binamu akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno.

Kisha akafanya jambo ambalo Mhandisi hatalisahau mpaka anaingia kaburini. Aligeuza uso kwa Mama Funguo, akabadilisha lugha. Akasema kwa lugha ya wenyeji, safi, kila neno mahali pake.

"Sikuiba jina. Huyu alinipa mwenyewe. Mwaka jana. Nina maandishi yake."

Mkono wa kushoto ukaingia ndani ya koti. Ukatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mama Funguo akaifungua, akasoma kwa sauti. "Mimi," na jina la Mhandisi, "nimempa ndugu yangu ruhusa ya kutumia jina langu na bima yangu ya afya wakati wowote." Tarehe ya mwaka jana, mwezi ule ule Mhandisi alipotua. Na chini, sahihi.

Akamgeuzia. "Sahihi hii ni yako?"

Ilikuwa yake. Mkia wa herufi ya mwisho, ule unaorudi nyuma kama ndoano, wake kabisa. Na mara akaona chumba chao, wiki ya kwanza, Binamu na fungu la fomu za chuo: weka sahihi hapa, na hapa, na hii tupu pia, nitaijazia baadaye, fomu za hapa zina maneno mengi. Na yeye akaweka. Mdogo haulizi.

Kwa hiyo wakati wote ule wa kulia nyuma ya kioo, wakati wa *dogo* na *tafadhali*, karatasi ilikuwa ndani ya koti.

"Nimekuuliza. Ni yako?"

"Sahihi ni yangu."

Karani akapiga mluzi wa chini. Mama Funguo akafunga macho kidogo, kama mtu aliyemchezea kamari kijana huyu akashindwa.

Lakini Mhandisi alikuwa bado anaitazama karatasi. Si sahihi. Maneno yaliyo juu yake.

Yalikuwa yamepinda. Herufi kubwa, nyingine ndogo, mstari unapanda kisha unaporomoka, wino umeburuzwa pale kiganja kilipopita juu ya maneno kabla hayajakauka. Binamu ana mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote wa ukoo ule. Barua zake mjomba huwasomea wageni. Haya hayakuandikwa na mkono wake wa kulia. Yameandikwa na wa kushoto, usiozoea, kwa sababu wa kulia hauna vidole vya kushikia kalamu.

Yaani barua ya mwaka jana imeandikwa baada ya Jumanne.

"Mama," Mhandisi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hebu utazame mwandiko huu. Tazama vizuri, halafu mtazame mkono wake..."

Mlango wa mapokezi ukasukumwa. Wahudumu wawili wa gari la wagonjwa la chuo wakaingia na machela, wakamnyanyua Binamu, wakamlaza, wakaanza kumfunga mikanda. Mkono wake wa kushoto ukachomoka chini ya mkanda, ukamshika Mhandisi ukosi wa shati, ukamvuta mpaka uso ukakutana na uso. Pumzi yake ilinuka homa.

Akasema kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini kabisa, ile sauti ya baba yake:

"Maliza hiyo sentensi. Baba anangoja simu yangu. Usiku wa leo mama yako analala nje."

Akaachia ukosi. Akafumba macho.

Mama Funguo alikuwa amesimama karibu yao, karatasi mkononi, ameisogeza kwenye mwanga. Aliwatazama mmoja, kisha mwingine. Katika jengo lile zima ni watu wawili tu walioielewa lugha ile, na mmoja wao sasa alikuwa hajitambui.

"Amesema nini?" akauliza.